Ramani Mfukoni mwa Koti

Koti lililetwa na Masaka wa bodaboda,
zipu imeng'oka meno, bitana imechanika kwapani.
Alilipata Sabasaba, belo likifunguliwa alfajiri,
zito kama godoro, rangi ya chungwa bivu,
silaha yake ya Julai,
upepo wa Dodoma unapoanza kuhesabu watu mbavu.

Nilipopindua mfuko wa ndani
ikadondoka karatasi iliyofuliwa ikalainika,
imekunjwa mara nane:
mlima mweupe, mweupe mpaka pembeni,
na mistari imeteremka juu yake,
kijani, buluu, nyekundu, nyeusi.
Mimi fundi. Mshono naujua hata ukiwa mbali.
Nikaita, "Sechelela, njoo uone mlima uliopigwa nyuzi."

Lugha yake hatukuijua. Tukasoma picha:
mtu amesimama juu ya mbao mbili nyembamba,
kitanda, kikombe kinachofuka,
kiti kinaning'inia kwenye waya, miguu haina pa kukanyaga.
"Kijani ni ya watoto," akasema mke wangu,
kidole chake kikishuka polepole.
"Nyeusi ni ya waliochoka na dunia."

Usiku ule, baada ya ugali wa uwele na mlenda,
tukakata shauri: tutakwenda.

Daftari la wateja, ukurasa wa mwisho,
chini ya kiuno cha Mwalimu Chilongani
na deni la sare za kwaya.
Hati za kusafiria, mbili.
Nauli: tukaweka alama ya kuuliza, kisha ya pili.
Glavu nitashona mwenyewe, mabaki ya blanketi yapo.
Wa kulisha kuku ni Nhonya,
ila Nhonya naye hula mayai, hilo nalo liandikwe.
Likizo ya siku ngapi?
Hapo kalamu ikasimama.
Miaka kumi na tisa juu ya cherehani sijawahi kuomba likizo,
kwani ningemwomba nani?

Nikajitia ushujaa: "Kuteleza si kuanguka."
Sechelela akacheka mpaka akashika meza.
"Mji huu mzima una jina la tembo
aliyeshuka kunywa maji akadidimia.
Na yule alikuwa na miguu minne,
wala hakufungwa mbao."

Noti zikaanza kuingia kwenye kopo la maziwa.
Mwezi wa kumi zikatoka, mabati yalikuwa yanavuja.
Akaandika kwa mwandiko wake wa kuinama:
Nyumba inadaiwa na mlima, bati nne.

Masaka alipokuja kuchukua koti
nikampa na karatasi yake. Mali ya mteja ni mali ya mteja.
Akaigeuza juu chini, akainusa.
"Hii haizuii upepo," akasema, akanirudishia.
Akawasha pikipiki. Akaizima.
"Hao watu, kule juu wanapandishwa na bodaboda?"
"Wanapanda viti vya waya."
"Kwa bei gani?"
Hatukujua.
Akakaa juu ya tangi, anafunga zipu, anafungua,
meno mapya yakilia kri, kri.
"Basi niandikeni na mimi.
Mtu wa kupatana bei hamna."

Tangu hapo tuko watatu, na mazoezi tumeanza
kwa Mama Tatu, kwenye friza la barafu za ukwaju.
Kila jioni tunazamisha mikono, mmoja mmoja,
na watoto waliotoka shule, mia zao viganjani,
wanatuhesabia kwa sauti, maana zamu yao haifiki
mpaka sisi tushindwe.
Masaka hutoa wake kwenye ishirini, anasingizia simu.
Mimi arobaini na moja.

Jana Sechelela alifika sabini na mbili.
Akautoa mkono umekufa ganzi,
punje ya barafu imenata kwenye pete,
akailamba, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza
kama ile ya kule nayo huwa na ladha.